Nguzo Peke Yake Haiwashi Taa: Majibu kwa Madai Saba Kuhusu Umeme wa Vijijini

Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005. Mwaka 2007 Wakala wa Nishati Vijijini, ambao kila mtu anaujua kwa jina la REA, ukaanza kazi, na tangu hapo nguzo zimevuka mito na kupanda milima ambako wazee walishakata tamaa. Anayeibeza kazi hiyo hajawahi kusomea kwenye kibatari. Tanzania Bara ya leo si ile ya miaka ya tisini, wakati umeme ulikuwa mali ya mji na kijiji kilikuwa na jenereta ya misheni tu, kama misheni ilikuwepo.

Hata hivyo mafanikio yamezaa madai. Yanasemwa bungeni, redioni, kwenye semina na kwenye vijiwe vya kahawa, na mengine yamekwisha kuzoeleka kiasi kwamba hakuna anayeyahoji. Yapo yanayosema kazi imekwisha, na yapo yanayosema haikustahili kuanzwa. Nimekusanya saba yanayorudi mara kwa mara. Kila moja lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo lazima itajwe kwa haki. Ila yote yana kasoro moja: yanapima umeme kwa miundombinu, au kwa vitabu vya hesabu vya shirika la umeme, TANESCO, na kuiacha nje nyumba ya mwanakijiji na kazi yake.

Dai la kwanza: "Vijiji vyote vina umeme, kazi imekwisha."

Ni kweli kwamba Serikali imetangaza kuwa umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Swali ni maana ya neno "umefika". Kijiji kinahesabiwa kuwa na umeme pale njia inapoingia na wateja wa kwanza wanapowashiwa. Hakihesabiwi kwa idadi ya nyumba zinazowaka.

Utafiti wa upatikanaji wa nishati uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na REA unaionyesha tofauti hiyo waziwazi. Mwaka 2016 wakazi wa vijijini walioishi mahali palipofikiwa na huduma ya umeme walikuwa asilimia 49.3. Kufikia utafiti wa 2019/20 wakawa asilimia 69.8, na hilo ni ongezeko la kujivunia. Lakini kaya za vijijini zilizounganishwa hasa, kwa gridi au kwa sola, zilitoka asilimia 16.9 zikafika 24.5 tu. Kwa lugha nyepesi, karibu watu saba kati ya kumi walikuwa na huduma jirani yao, na ni kaya moja kati ya nne iliyokuwa nayo ndani. Pengo hilo ndilo suala lenyewe, nalo linafichwa kila tunapohesabu vijiji.

Sababu moja iko kwenye mikataba. Katika awamu ya tatu ya miradi ya REA, mzunguko wa pili, wakandarasi walipewa kilomita moja ya njia ndogo kwa kila kijiji. Wabunge walilalamika, na kilomita mbili zikaongezwa. Sasa chukua kijiji cha kawaida chenye vitongoji vitano. Njia kubwa ya kilovolti 33 inafuata barabara, na transfoma imefungwa karibu na ofisi ya kijiji. Shule, zahanati, duka la vifaa, msikiti na kanisa vimepata, pamoja na nyumba zilizo kandokando yake. Ukiteremka kuelekea kitongoji cha bondeni unafika kwenye nguzo ya mwisho, ile iliyofungwa stei hadi ardhini kuizuia isivutwe na waya. Kuanzia hapo mbele kuna nyumba mia mbili na shule shikizi, wala hakuna waya. Wakazi wake wanaonekana kwenye ramani ya Wizara kama watu wenye umeme.

Tanzania Bara ina vitongoji zaidi ya 64,000. Serikali yenyewe imeliona jambo hili, ndiyo maana sasa miradi inatajwa kwa vitongoji, ukiwamo ule wa vitongoji 15 kwa kila jimbo. Hiyo ni hatua sahihi. Lakini huwezi kuanzisha mradi wa vitongoji na papo hapo ukasema kazi imekwisha. Mwisho wa safari hii uko mlangoni kwa kila kaya, na takwimu inayopaswa kusomwa bungeni kila mwaka ni ya kaya.

Dai la pili: "Wanakijiji hawana uwezo wa kulipia umeme."

Hili husemwa kwa huruma, na kwa sababu hiyo watu wengi hulikubali bila kulipima. Tulipime.

Mteja mdogo wa majumbani, aliye katika daraja la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza kila mwezi. Ongeza asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati, EWURA, unapata shilingi 122. Taa tatu za LED za wati 9 kila moja, zikiwashwa saa tano kila usiku, zinamaliza kama uniti nne kwa mwezi. Hiyo ni chini ya shilingi 500 kwa mwezi mzima. Ni kaya gani inayonunua mafuta ya taa au betri za tochi kwa mwezi ikatumia pungufu ya hapo?

Chukua na simu. Uniti moja inaweza kujaza simu janja kama hamsini. Kwa bei ya D1, kujaza simu moja hakuzidi shilingi tatu. Mtu asiye na umeme anaipeleka kwenye kibanda cha kuchaji na kulipa shilingi mia mbili, mia tatu au zaidi, kisha anasubiri au anarudi jioni. Simlaumu mwenye kibanda, naye amegharimia sola na betri yake. Ninachosema ni kwamba maskini tayari analipia nishati, tena anailipia kwa bei ya juu kuliko tajiri wa mjini. Anacholipia ndicho kibovu.

Mahali anapokwama kweli ni mlangoni. Ada ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, na kwa hili Serikali inastahili pongezi. Lakini kabla ya mita kufungwa nyumba lazima iwe na wayaringi. Fundi, nyaya, swichi, soketi, bodi na waya wa ardhi kwa nyumba ya vyumba vitatu vinaweza kugharimu mara nyingi zaidi ya hiyo ada. Mkulima anayepata fedha mara moja kwa mwaka, baada ya kuuza mahindi au korosho, hawezi kutoa kiasi hicho kwa mkupuo katikati ya msimu wa kulima. Kipo kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho kina swichi, soketi na taa pamoja, na kimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ndogo isiyo na wayaringi. Wengi hawajawahi kukisikia.

Kisha wapo wakazi wa maeneo yanayoitwa vijiji-mji. Kwa bei zilizoanza Januari 2022, aliyeko mjini anaunganishwa kwa shilingi 320,960 hata kama nyumba yake haihitaji nguzo. Mtu anayelima mihogo na kulala kwenye nyumba ya udongo, ila mipaka ya halmashauri imemtupa upande wa mji, anadaiwa karibu mara kumi na mbili ya jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Akishindwa tunasema hana uwezo.

Jirani zetu wa Kenya wametupatia ushahidi mzuri. Watafiti waliochunguza jamii 150 magharibi mwa nchi hiyo, mahali palipokuwa na transfoma tayari, walikuta kwa wastani asilimia 5 tu ya kaya na asilimia 22 ya biashara ndizo zilizounganishwa. Ada wakati huo ilikuwa shilingi 35,000 za Kenya. Walipotoa punguzo kwa bahati nasibu, waliopewa bure karibu wote walikubali, na waliopewa punguzo la nusu hivi walijitokeza wachache. Ukisoma matokeo hayo haraka utasema watu hawautaki umeme. Ukiyasoma kwa makini utaona kwamba wanautaka, ila hawana akiba ya kutoa kiasi kikubwa kwa mara moja. Tiba yake ni mkopo mdogo wa wayaringi unaolipwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, au baada ya mavuno. Chama cha msingi cha ushirika kinachokata makato ya pembejeo hakishindwi kukata na ya waya.

Dai la tatu: "Ukiwapa umeme wataishia kuwasha taa na kuangalia televisheni. Hauleti maendeleo."

Hili ndilo dai zito kuliko yote, kwa sababu lina utafiti nyuma yake. Walewale watafiti wa Kenya, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, walifuatilia kaya zilizounganishwa na katika kipindi kisichofika miaka mitatu hawakuona mabadiliko makubwa ya kipato. Matumizi ya umeme yalikuwa madogo. Anayetetea umeme wa vijijini hana budi kuyakabili matokeo hayo.

Yanatueleza nini? Kwamba waya peke yake hauzalishi mali. Kaya zile ziliunganishwa, lakini hazikuwa na fedha ya kununua cherehani ya umeme, jokofu wala pampu, na umeme wenyewe ulikuwa ukikatika. Kipindi hicho pia ni kifupi kwa mtu anayenunua kifaa kimoja kila baada ya mavuno.

Linganisha na KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Utafiti wa mwaka 2011 kuhusu usambazaji wa umeme vijijini baada ya ubaguzi wa rangi ulikuta kwamba ajira kwa wanawake iliongezeka kwa pointi tisa hivi za asilimia, kwa sehemu kubwa kwa sababu kazi za nyumbani zilianza kuchukua muda mfupi. Mama aliyekuwa akimaliza asubuhi nzima kwenye kuni alipata saa za kutafuta riziki. Bara ni hili hili, nishati ni hii hii, na matokeo ni tofauti. Kilicholeta tofauti ni kile ambacho umeme uliwawezesha watu kufanya.

Hapa kwetu mfano mzuri ni mashine ya kusaga. Mota ya kilowati 11 ikifanya kazi saa nzima kwa mzigo kamili inakula uniti 11 au 12. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, hiyo ni kama shilingi 4,300 kodi zikiwemo. Injini ya dizeli yenye nguvu hiyo inakunywa lita tatu mpaka nne kwa saa. Zidisha kwa bei ya lita kijijini kwako, kisha ongeza oili, filta na safari ya kwenda mjini kufuata spea. Mwenye mashine anayejua hesabu hataki kuonyeshwa mara mbili.

Kwa nini basi dizeli bado inasikika katika vijiji vyenye nguzo? Kwa sababu mota ya namna hiyo inataka umeme wa njia tatu, na kijijini umepelekwa wa njia moja. Au njia tatu ipo kwenye transfoma, ila mashine iko mwisho wa laini ambako umeme unafika umedhoofika, mota inanguruma bila kuzunguka vizuri na hatimaye inaungua. Akina mama wamepanga foleni na madebe yao, na kijana wa mashine anawaambia, "Mama zangu, umeme mdogo leo, rudini kesho asubuhi." Baada ya kuungua mota mbili mwenye mashine anarudi kwenye dizeli. Mwaka unaofuata mtaalamu anaandika kwamba wanakijiji hawatumii umeme kwa uzalishaji.

Tena si kila faida inaingia mfukoni. Chanjo nyingi zinatunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Mashine ya kuzalisha oksijeni kwa mtoto mwenye nimonia haifanyi kazi kwa tochi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao bilioni moja wanahudumiwa na vituo vya afya visivyo na umeme wa uhakika au visivyo na umeme kabisa. Mkunga anayeshona mama usiku akiwa ameshika simu kwa meno ili apate mwanga hahitaji utafiti wa kipato kumthibitishia thamani ya taa. Mtoto aliyezaliwa salama haonekani kwenye pato la kaya la miaka miwili au mitatu.

Dai la nne: "Umeme wa vijijini ni hasara, wa mjini wanabebeshwa mzigo."

Ni kweli kwamba kumfikishia umeme mkulima anayeishi kilomita kadhaa kutoka njia kuu ni ghali, na uniti zake chache hazirudishi gharama ya nguzo na transfoma kwa haraka. Lakini tuangalie nani anachangia.

Mfuko wa Nishati Vijijini unapata asilimia 3 ya kila bili ya umeme, na pia shilingi 100 kutoka kila lita ya petroli na dizeli. Maana yake mwenye mashine ya dizeli kijijini, ambaye hajaunganishwa, anachangia kila anapojaza dumu. Bibi anayepanda Noah kwenda kliniki anachangia ndani ya nauli. Mkulima anachangia ndani ya bei ya kusafirisha mahindi yake. Mamilioni ya watu wamekuwa wakiulipia umeme ambao bado hawajauona. Hao ndio wanaodai, wala hawajabebwa na mtu.

Wala hakuna taifa kubwa lililowasha vijiji vyake kwa faida ya haraka. Katikati ya miaka ya 1930 takriban shamba moja kati ya kumi nchini Marekani lilikuwa na umeme, ilhali miji yao ilikuwa ikimeremeta. Kampuni za umeme zilikuwa na jibu lile lile tunalolisikia leo: wakulima wametawanyika, hawatalipa, hawatatumia. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha wakala wa umeme vijijini mwaka 1935, ikatoa mikopo ya riba ndogo kwa vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe, na katikati ya miaka ya 1950 zaidi ya mashamba tisa kati ya kumi yalikuwa yakiwaka. Hakuna Mmarekani leo anayeita kazi ile hasara.

Barabara ya kijijini haitozi nauli ya kuirudishia Serikali gharama ya lami, na hatuiiti hasara. Umeme unastahili kupimwa hivyo hivyo, na TANESCO ikitakiwa kuhudumia wateja wasiolipa gharama halisi, basi ilipwe fidia hiyo wazi kwenye bajeti, isiachwe ibebe deni kimyakimya kisha ilaumiwe kwa nguzo zilizooza.

Dai la tano: "Bwawa la Nyerere limekamilika, umeme sasa upo wa kumwaga."

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024 na yote tisa ilikamilika 2025. Ni kazi kubwa ya taifa, na imeondoa mgao uliokuwa ukizima viwanda na saluni kwa pamoja.

Ila kuzalisha ni jambo moja na kufikisha ni jambo jingine. Machi 2024, wakati mvua zilikuwa nyingi, baadhi ya vituo vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Wakati huohuo kitongoji cha bondeni kilikuwa gizani. Mkoa wa Kagera umelishwa na Uganda kwa miaka mingi. Mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafirishwa kutoka kusini mpaka huko unapotea njiani. Wengi walishangaa: tuna bwawa, tunanunuaje nje? Hapakuwa na la kushangaza. Umeme husafiri kwa njia za msongo mkubwa, vituo vya kupoza, njia za kati, transfoma na njia ndogo, na pingili moja ikiwa dhaifu, megawati za Rufiji hazimsaidii mtu wa Ngara huko Kagera. Fedha za awamu inayokuja ziende kwenye pingili hizo. Taifa linapojivunia uniti zisizo na mnunuzi huku lina wananchi wasio na waya, tatizo limeshahama kutoka kwenye bwawa.

Dai la sita: "Gridi ya nini? Sola inawatosha watu wa kijijini."

Sola imefanya kazi kubwa na ya heshima. Ni taa za sola, nyingi zilizolipiwa kidogokidogo kwa simu, zilizokiondoa kibatari katika nyumba nyingi kabla nguzo haijafika. Kwa visiwa na kwa nyumba zilizotawanyika sana, sola na gridi ndogo zitabaki kuwa njia bora kwa miaka mingi.

Tatizo ni neno "inawatosha". Mtambo mdogo wa nyumbani unawasha taa nne, redio na televisheni ndogo. Hausagi mahindi, hauchomelei geti, haupozi maziwa ya kijiji kizima. Kumwambia mkulima kwamba hicho kinamtosha ni kumpangia kikomo cha ndoto zake, na anayesema hivyo mara nyingi ana jokofu, pasi na hita ya maji nyumbani kwake.

Njia ya katikati ipo, nayo tumeshaijaribu. Kufikia 2016 Tanzania ilikuwa na gridi ndogo zisizopungua 109. Mtambo wa maji wa Mwenga huko Mufindi, wa megawati 4, umekuwa ukilisha shughuli za chai na vijiji vinavyozunguka tangu 2012, na ziada unaiuza kwenye gridi ya Taifa. Hapo sola, maji na gridi havigombani. Kinachotakiwa ni kanuni zinazotabirika. Ni haki mwananchi wa kisiwani alipe bei sawa na wa Morogoro, lakini ukimwamuru mwekezaji mdogo auze kwa bei ya TANESCO bila kumpa ruzuku ambayo TANESCO inaipata, ataondoka na mtambo wake. Mtu wa kisiwani anahitaji bei nafuu pamoja na mtu wa kuutunza mtambo kesho.

Dai la saba: "Umeme ukifika, kuni na mkaa vitaisha na misitu itapona."

Hili linasemwa na marafiki wa umeme wa vijijini, nami ni mmoja wao, lakini si kweli. Jiji la Dar es Salaam limekuwa na umeme karibu kila mtaa kwa miaka mingi, na mkaa haujakoma kuingia kwa magunia. Kama umeme peke yake haukuutoa mkaa Manzese, hautatoa kuni Manyoni.

Madhara ya moshi ni makubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Tathmini ya misitu ya Tanzania Bara imeonyesha upotevu wa hekta 469,420 kwa mwaka, ingawa kilimo kinachangia sehemu kubwa ya upotevu huo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034.

Umeme unaweza kusaidia kufika huko. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage nusu kilo kwa takriban nusu uniti, yaani kama shilingi 61 kwa bei ya D1. Hakuna kopo la mkaa kwa bei hiyo popote nchini. Lakini tazama mtego. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku. Familia ikiongeza jiko na jokofu juu ya taa na televisheni, inavuka kikomo, na uniti inayozidi inapanda hadi shilingi 350 kabla ya kodi. Ikiendelea kuvuka inahamishiwa daraja la juu, na uniti zake zote zinapanda. Mpangaji wa mkakati anamwambia mama apike kwa umeme, na mpangaji wa bei anamwadhibu akitii. Mama huyo anarudi porini, maana kuni hazina kodi; zinamgharimu saa zake na mapafu yake, vitu ambavyo hakuna anayemlipa.

Kwa hiyo tusiahidi misitu kwa nguzo. Tuahidi misitu kwa kikomo cha D1 kinachozingatia kupika, kwa majiko ya mkopo, kwa gesi pale inapofaa, na kwa majiko banifu kwa wale ambao umeme utachelewa kuwafikia.

Tupime kwa kipimo sahihi

Ukiyaweka madai haya saba pamoja utaona yanakosea kwa namna mbili tu. Moja ni kutangaza ushindi mapema: vijiji vyote, megawati zote, misitu yote. Nyingine ni kumdharau mwanakijiji: hawezi kulipa, hajui kutumia, sola inamtosha, ni hasara. Ya kwanza humfanya kiongozi apumzike na ya pili humpa udhuru wa kupumzika.

Dawa yake haihitaji maneno makubwa. Kwenye mkutano wa kijiji, diwani au mbunge akisimama kusema umeme umefika, aulizwe maswali manne. Kaya ngapi kati ya zote zimewashiwa, kitongoji kwa kitongoji? Njia tatu inaishia wapi, na mashine ya kusaga iko upande gani wa hapo? Asiye na fedha ya wayaringi anapata wapi mkopo au UMETA? Na anayepika kwa umeme atalipa bei gani mwezi ujao?

Kiongozi aliyefanya kazi yake atakuwa na majibu ya kitongoji kwa kitongoji, na atashangiliwa kwa haki. Asiye nayo aandikiwe kwenye muhtasari wa mkutano, kwa tarehe na kwa idadi ya kaya, ili mkutano unaofuata uanzie hapo.